Madesu Niliyoomba Yalikuwa Maharage

Butembo, Jumatano, baada ya kazi

Kwa Baba Mudogo Onésime,
Mkaguzi wa Mradi wa Huduma Bora kwa Raia,
Komine Beu, Beni

Yahusu: madesu

Baba Mudogo mpendwa na Bwana Mkaguzi mheshimiwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba uingie ndani na ufunge mlango. Usiisome barua hii barazani, maana majirani zako wa Beu wana macho marefu. Usimpe Mama Mudogo Hadassa akusomee eti umesahau miwani. Nampenda sana, lakini yeye kila kitu anakisoma kwa sauti ya kanisani. Ukimaliza, ichome. Ukishaichoma, tawanya majivu. Kila neno lililomo humu ni siri kati ya baba na mtoto wake, na pia kati ya mkaguzi na karani. Pale ninapokuita Bwana Mkaguzi, tafadhali sahau kwamba ulinibeba mgongoni. Pale ninapokuita Baba Mudogo, tafadhali kumbuka.

Bwana Mkaguzi, mimi ni karani katika ofisi ya komine yetu, yaani kata ya mji, hapa Butembo, meza ya vyeti vya kuzaliwa. Ni mmoja wa wale wanaoitwa unité mpya, maana yake serikali imenipa namba, kiti na kazi, na imebakiza mshahara tu. Kwa hiyo Mradi wenu ulipokuja na prime ya rendement, yaani malipo ya ziada kwa anayefanya kazi vizuri, kwangu mimi haikuwa ziada. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Sasa niko karibu kuondolewa kwenye kiti hicho. Jumatatu utapanda Butembo kwa ukaguzi, na siku hiyohiyo Chef de bureau wetu, mkuu wa ofisi, Papa Muyisa, atakukabidhi faili langu uamue kama nabaki au naenda. Nimeshtakiwa kwamba naomba rushwa. Mimi, Baba Mudogo! Mimi ambaye utotoni nilirudi sokoni nikilia kwa sababu muuza ndizi alinizidishia ndizi moja, na ni wewe uliyenisindikiza kuirudisha. Nina malalamiko, na nayapanga kwa namba kama nilivyofundishwa chuoni, ili woga usinichanganye.

1. La kwanza ni kuhusu maharage yenyewe. Unakumbuka, Bwana Mkaguzi, jinsi mpango ulivyoanza. Mtaalamu wa Mradi alisema raia wengi hawasomi Kifaransa, kwa hiyo watatoa maoni yao kwa maharage. Kila raia akiingia, Papa Kasika, mlinzi wa mlango, anampa harage moja la njano. Akiona amehudumiwa vizuri, analitumbukiza kwenye chupa ya plastiki ya karani aliyemhudumia. Mwisho wa mwezi chupa zinapimwa kwa rula, na prime inafuata rula. Wazo ni zuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni wewe uliyelitia sahihi. Lakini mtaalamu yule alitoka Kinshasa. Hakujua kwamba hapa Butembo huwezi kumpa mtu kitu kimoja akakipokea kikiwa kimoja.

Siku ya kwanza alikuja Mama Mariette, anayeuza vitenge kwa jumla. Huyu hata cheti chetu anakipapasa kwanza kwa vidole kama kitambaa. Aliligeuza harage lake kwenye mwanga, akasema: “Moja tu? Papa Kasika, unaniona mugeni? Weka matabishi!” Matabishi ni ile nyongeza ambayo kila muuzaji hapa anaitia juu ya kipimo, na Papa Kasika ni mtu wa haya. Akaongeza. Waliokuwa nyuma kwenye foleni waliona. Tangu hapo watu walipokea maharage kwa viganja, na mengi hayakufika kwenye chupa ya karani yeyote. Familia moja ilikuja nzima, pamoja na bibi, bila kutaka cheti chochote. Walisema wamepita tu kutusalimia. Waliondoka na chakula cha jioni.

2. La pili ni kuhusu neno rendement, ambalo Mradi ulilileta bila kutuuliza. Kwa wataalamu, ni namna mtu anavyofanya kazi. Kwa watu wetu, ambao kila mmoja ana shamba mahali fulani, rendement ni mavuno. Papa Kasika aliposikia kwamba tutalipwa kwa rendement ya madesu, aliniuliza kwa heshima kama Mradi utaleta na mbolea. (Madesu ndilo jina la maharage kwa Kilingala, na sisi tumelizoea kutoka kwa wanajeshi na muziki. Lishike neno hilo, Baba Mudogo. Ndilo linalonimaliza.)

Jirani yangu wa meza, Bwana Delphin wa vyeti vya ndoa, alimwelewa mtaalamu kuliko sisi sote. Ana shamba huko Mabalako. Chupa yake ilianza kujaa, hata siku alizokwenda matanga. Maharage ya Mradi ni ya njano. Ya Delphin yalikuwa mekundu yenye madoa. Papa Muyisa alipouliza, alijibiwa kwamba raia wa meza ya ndoa wana furaha nyingi, kwa hiyo wanakuja na madesu yao toka nyumbani. Kisha Delphin akaanza kuyamwagia maji kabla ya kufunga ofisi. Asubuhi raia wake walikuwa wamevimba, na rula ikapanda. Kwa baridi na unyevu wa mji wetu, baadhi wameota. Leo hii, Bwana Mkaguzi, kuridhika kwa raia kwenye meza ya ndoa kuna majani mawili. Nilipomwambia kwa upole kwamba hilo si sawa, alicheka hadi akashika meza: “Keren, weye ulisoma sana! Rendement ya madesu ni mai!” Yaani maji.

3. La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Papa Muyisa alipoona maharage ya Mradi yanaishia kwenye masufuria ya mji, alitukusanya na kutoa amri. Kila karani, akimaliza kumhudumia raia, amkumbushe kuhusu maharage kabla hajatoka. “Kwa sauti,” alisema, “na kwa tabasamu. Mumeelewa?” Delphin hakujali, chupa yake ilikuwa imejaa. Mimi ni mtu wa kutii amri. Usiku ule nilijizoeza mbele ya kioo.

Sasa wewe unajua, na kila mtu katika nchi hii anajua, kwamba “madesu ya bana”, yaani maharage ya watoto, ndilo jina la adabu la rushwa ndogo. Mwenye cheo akitaka kitu hasemi makuta, yaani pesa. Anauliza tu kama batoto wake watakula madesu leo. Kila mtu anajua, na mimi pia najua. Lakini asubuhi ile kichwani mwangu kulikuwa na chupa, rula na amri ya Chef, na neno lile likanitoka mdomoni likiwa safi kabisa, kama limetoka shambani.

Raia wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Nilimpa cheti, nikatabasamu, nikasema kwa sauti: “Mama, tafadhali, usisahau madesu yangu.”

Uso wake ulibadilika. Alifungua fundo la kitenge, akanitolea noti iliyokunjwa mara nyingi. Nilishtuka, nikamrudishia. “Hapana, mama! Makuta sitaki. Nataka madesu ya kweli.” Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, kwamba dola hana. Nikataka kumtuliza. “Moja tu inatosha, mama. Hata kadogo.” Akaanza kulia, na mtoto naye akaitikia.

Aliyefuata alikuwa mchungaji. Nilimwambia maneno yaleyale, maana amri haikubagua. Alifumba macho, akaniwekea mkono kichwani na kuniombea palepale, hadi foleni nzima ikasema amina. Nami nilisema amina, nikidhani ananiombea kwa ajili ya kazi nzuri.

Ndipo Mama Mariette, aliyekuwa amerudi kwa cheti cha mjukuu, akasimama katikati ya ukumbi. “Kumbe na haka kanakula! Mukaangalie: sura ya kwaya, tumbo ya douane!” Yaani tumbo la watu wa forodha. Nikanyoosha kidole kuelekea chupa yangu, nikitumaini kwamba chupa itanieleza. “Eh! Anaonyesha na mahali pa kuweka!” akapaza sauti. “Mbele ya batu! Bengine banaficha chini ya meza, huyu amenunua na chupa!”

Hapo, Bwana Mkaguzi, ndipo mashtaka yalipozaliwa. Cheti cha kuzaliwa cha mashtaka hayo ningeweza kukiandika mimi mwenyewe.

4. La nne ni fupi kwa sababu linauma. Watoto wa mtaa wetu wananiita Mama Madesu, na mimi sijaolewa.

5. La tano. Usifikiri watu wameacha kunipenda. Kazi yangu wanaiona. Shida ni kwamba sasa hakuna anayethubutu kuonekana akiweka kitu kwenye chupa yangu, maana atakayeweka harage hadharani ataonekana anahonga. Kwa hiyo wanayaleta kwa siri. Mzee mmoja kutoka Lubero nilimsaidia kusahihisha jina la mjukuu wake, lililokuwa limeandikwa kama jina la dawa. Alinishika mkono kwa muda mrefu, na alipouachia nilikuta harage moja ndani ya kiganja changu, likiwa bado na joto la mfuko wake. “Wasingya kutsibu, mutoto yangu,” akanishukuru kwa Kinande, akitazama dirishani kana kwamba hanijui. “Ficha mbio.” Wengine wanayasukuma chini ya karatasi zangu. Mmoja alilitia harage lake ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akaandika juu: Kwa mkono wake.

Mwanamke mwingine alisikia mjini kwamba nakataa makuta na kudai madesu ya kweli. Alinielewa, Baba Mudogo! Ni yeye peke yake aliyenielewa katika mji mzima. Alinijia na beseni la maharage yaliyokwisha kupikwa, na mawese juu, na vijiko vya ofisi nzima. Nilikula kijiko kimoja kwa adabu. Kijiko hicho nacho kimo kwenye faili.

Kanuni ya Mradi inakataza karani kugusa chupa yake mwenyewe, na kanuni hiyo naiheshimu. Maharage ninayopewa kwa siri nayaweka kwenye droo, kwa kuwa sina pengine. Kwa hiyo leo chupa yangu ni tupu kabisa, na droo yangu haifungi tena. Kwa kutii kila amri nimepata chupa ya mvivu na droo ya mwizi.

6. La sita ni karatasi yenyewe. Papa Muyisa ameniletea ile tunayoiita demande d'explication, barua ya kutakiwa maelezo, ambayo mtumishi wa serikali akiipokea miguu yake inakuwa baridi kabla hajaisoma. Swali ni moja: je, ni kweli kwamba uliomba madesu kwa raia? Nikijibu ndiyo, nimekiri rushwa. Nikijibu hapana, nimekiri kwamba sikutii amri ya Chef, na hilo pia ni kosa zito. Nilijaribu kuandika “ndiyo, lakini”. Papa Muyisa alinirudishia kwa huruma. “Keren, pa kuweka lakini hapana. Mustari ni mufupi.”

Si mtu mbaya. Anaogopa kama mimi, ila kwenye kiti kikubwa zaidi. Chupa yake nayo ni kubwa kuliko zetu, kwa heshima ya cheo, lakini hakuna raia anayeingia chumbani mwake. Ndani yake kuna harage moja tu, na nadhani alilitia mwenyewe siku ya kwanza, alipotuonyesha mfano.

7. Kwa hiyo naomba Mradi uache maharage. Sikutaka kuja na lawama bila suluhisho, hivyo nimetafuta kitu kingine cha kupigia kura, na matokeo ya uchunguzi wangu ni haya. Kahawa haiwezekani, maana “ya kahawa” tunaombwa kila siku. Sukari vilevile. Sabuni vilevile. Maji ndiyo kabisa, hasa wakati wa jua. Nilifikiria tiketi ndogo zenye picha ya pikipiki; nikakumbuka kwamba “ya transport” ndiyo mama yao wote. Nilifikiria mahindi. Papa Kasika akasema mahindi kwa sasa bado ni safi, lakini tukiyatumia ofisini mwezi mmoja tu yatachafuka nayo, na yeye ana shamba la mahindi, anaomba tumwachie. Nilifikiria vijiwe. Lakini raia aliyepewa jiwe mlangoni, halafu akasimama kwenye foleni yetu, hatalitia kwenye chupa.

Nimegundua jambo la kusikitisha, Bwana Mkaguzi. Katika nchi yetu, chochote kinacholiwa, kinachonywewa, kinachoosha au kinachomsogeza mtu mbele kimekwisha kuwa jina la rushwa. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho hakuna mwenye ofisi aliyewahi kukiomba kwa raia, nacho ni kutopewa kitu.

Basi hoja yangu ni hii. Karani bora awe yule mwenye chupa tupu. Rula isipime maharage. Ipime nafasi iliyobaki juu ya maharage. Kwa kipimo hicho mimi ni wa kwanza katika komine nzima, Papa Muyisa ni wa pili na cheo chake kinapona, na Bwana Delphin itabidi ale rendement yake, majani na yote. Na karani aliyethibitishwa kwa rula ya Mradi kwamba hakupewa hata harage moja hawezi kushtakiwa kwa madesu. Ni hesabu tu. Prime itoke, faili lifungwe.

Najua utaniuliza kama makarani wengine hawatakula maharage yao ili chupa zibaki tupu. Watakula, hilo siwezi kukuficha. Lakini fikiria, Baba Mudogo: jioni hiyo watoto wa watumishi wote wa komine watakula madesu, madesu yenyewe, ya njano, yenye chumvi, bila mtu yeyote kuwa amefanya kosa.

Naogopa kweli. Nimecheka kidogo katika kuandika kwa sababu nikicheka woga unatulia. Lakini kila asubuhi nakipangusa kiti kile kabla ya kukaa. Watoto niliowaandika wana majina yaliyonyooka, na wewe unajua kwamba kwetu jina lililokosewa herufi moja linamsumbua mtu shuleni, mpakani, hadi kwenye msalaba wake. Mama zao wanakuja kwenye meza yangu wakijua kwamba nitawauliza mara mbili, na kwamba sitachoka. Kazi hiyo naiweza. Kuomba rushwa siiwezi, umeona mwenyewe: hata nilipoiomba bila kujua, nilikataa kuipokea.

Wako, Bwana Mkaguzi, karani mwenye utii hadi kupita kiasi. Na wako, Baba Mudogo, mtoto wa kaka yako, mwenye kungoja Jumatatu kwa moyo mdogo,

K.
(jina nimelificha kwa ajili ya usalama wangu)

Nisalimie Mama Mudogo Hadassa, lakini usimwambie kwamba nimeandika. Nisalimie batoto wote, hata yule mkubwa ambaye hajibu salamu. Nisalimie wanakwaya wa Beu, mzee wa jirani na goti lake, na kuku mweupe kama bado yupo.

Nyongeza: Barua hii unaletewa na Kitsa, mwenye pikipiki. Pamoja nayo kuna mfuko. Tafadhali usiufungue mbele yake. Ni yale ya kwenye droo. Nimeona si vizuri uyakute pale Jumatatu wakati wa ukaguzi, na kutupa chakula ni dhambi. Ni mazuri sana. Jumapili nilipika kidogo kuyajaribu, halafu nikapika kidogo tena, na yanaiva upesi. Sikuombi chochote, Baba Mudogo, na mfuko huu hauhusiani hata kidogo na uamuzi wako wa Jumatatu. Ni ya batoto tu.

Ukitaka kunipata kabla ya siku hiyo, usipige simu, maana inalia mezani na Bwana Delphin ana masikio. Usije nyumbani, mama atapata wasiwasi. Na zaidi ya yote usitaje jina langu kwa mtu yeyote. Ukifika Butembo, simamisha pikipiki ya kwanza utakayoiona, mwambie akupeleke kwa Mama Madesu. Wote wanapajua.